Kibodi Haipo

Ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi,
nimebeba mkoba wa bisibisi na mashaka.
Kutaisi, Februari: theluji imegeuka tope,
tope limegeuka barafu, barafu imenigeuza mimi
kifudifudi mbele ya duka la mikate.
Bi. Nanuli anafungua kabla sijabisha.
"Mzia, haisemi," ananiambia.
"Tangu mazishi haisemi."

Naanza na maswali ya kijinga, ndiyo yanayonilisha.
Umeme upo? Upo, birika linachemka.
Swichi ya nyuma? Imewashwa.
Nabonyeza. Feni inageuka robo, inasita
kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni,
kisha kimya.

Navua ubavu wa sanduku.
Vumbi la miaka limelala humo, laini,
pamoja na manyoya ya paka ambaye, naarifiwa,
naye alitangulia.
Napuliza. Tunapiga chafya wote wawili,
tunaombeana afya kwa zamu.
Nachomoa vijiti vya kumbukumbu,
nasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha shule,
narudisha, nakandamiza mpaka vinalia ta, ta.
Nabonyeza.
Milio mitatu. Mifupi. Ya hasira.
"Hiyo nini?"
"Inalalamika."
"Basi iko hai."

Kijiti kimoja nakiacha mezani kando ya kopo la achari.
Mara hii skrini inafumbua jicho, nyeusi, maandishi meupe:

Kibodi haipo. Bonyeza F1 uendelee.

Nacheka peke yangu. Namtafsiria. Hacheki.
"Ofisi ya pensheni," anasema, "ilitaka Anzor aje mwenyewe
atie saini kwamba amefariki."
Ndipo tunacheka, kicheko kirefu, kibaya,
mpaka jirani wa chini anagonga dari lake kwa ufagio.

Lakini kibodi ipo. Nimeishika.
Herufi zimefutika pale vidole vyake vilipopenda kukaa.
Anzor alikuwa fundi wa piano;
humu ndani kuna orodha ya kila piano ya mji huu,
ya nani kibonye chake cha mwisho hukwama mvua ikinyesha,
nyumba ipi panya wametafuna sufu ya nyundo,
mjane yupi asitajiwe bei kamili.
Kuna kijana anataka kuirithi kazi. Anaisubiri orodha.
Amepiga simu mara mbili leo.

Plagi ni ya zamani, ya duara, rangi ya zambarau.
Naimulika: pini sita, moja imelala.
Siku ile walisogeza meza jeneza lipite,
kisha mtu akachomeka tena gizani,
kwa nguvu, kwa nia njema.
Naomba kalamu. Natoa mrija wa wino,
ganda lake tupu naivisha pini, naiinua
polepole, kama unavyomwinua mzee kitini
bila yeye kujua kwamba anainuliwa.
Ikivunjika, basi.

Nazima. Nachomeka. Nawasha.
Taa tatu za kibodi zinapepesa.
Sasa mashine inauliza jambo moja tu: tarehe.
Betri ya saa, bapa kama sarafu, imekufa,
na kompyuta imerudi ilikozaliwa:
tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili na tisa,
saa sita usiku na dakika mbili.

Bi. Nanuli ameinama, miwani kwenye ncha ya pua.
"Mwaka huo tuliufungulia Batumi, kwa dada yake.
Aliunguza ulimi kwa supu, akanilaumu mimi."

Betri mpya ninayo kiganjani.
"Niiweke?"
"Ngoja chai ipoe."

Tunakunywa.
Kwenye kona ya skrini dakika zinahesabu:
nne, tano, sita.
Feni inazunguka.
Simu inalia tena sebuleni, hainuki.
Nami risiti bado sijaiandika.