Umeme Ulipokatika Mabela

Saa nne usiku, Julai.
Kiyoyozi kikakohoa mara moja, kikazima,
na mtaa mzima ukazima nacho.
Miaka mitatu nimekaa hapa
nikiwajua majirani kwa magari yao:
Prado nyeupe, pikapu yenye mbuzi,
Yarisi iliyobonyea ubavu.

Joto likatutoa nje mmoja mmoja
kama wadudu wa mchele ulioanikwa.
Giza. Simu zikimulika kwa ubahili.
Hapo mtu akajikwaa kwenye mtungi wa gesi:
"Mama yangu wee! Kidole changu!"

Nikasimama.
Si Kiarabu kile, wala si Kibulushi,
na mwenye kidole ni Dadkarim, wa pikapu,
ambaye kila asubuhi tunapeana salamu
za Kiarabu kilichopigwa pasi.

"Umesema nini?"
Kimya. Kisha, kwa tahadhari: "Kwani nawe wakijua?"
Kumbe kazaliwa Rujewa, kwenye mpunga.
Mimi Bujumbura, Buyenzi, nyuma ya gereji.
Tukacheka mpaka mbuzi wakaamka.

"Mama, mnasema nini?"
Mwanangu, kashika abaya yangu.
Lugha hii nimemnyima.
Shuleni walinibandika majina kwa ajili yake,
nikaapa haitavuka kizingiti changu.
Nimeikunja chini ya mablanketi
tusiyoyahitaji nchi hii.

Sasidharan akafungua duka gizani,
akatutolea mishumaa, akihesabu kwa sauti:
moja, mbili, tatu.
Babake alifundisha hesabu Tukuyu,
akarudi Kerala na koti zito na nambari hizi.
Miaka mitatu mtu huyu ananirudishia chenji
na hakuna aliyemwambia mwenziwe kitu.
Akafika kumi na tisa. Ishirini hakuijua.
Akaanza tena moja.

Maricel, nesi, wa Yarisi,
hakujua neno hata moja.
Alileta barafu ya kidole,
akakaa chini nasi ikiyeyuka.

Saa nane umeme ukarudi.
Viyoyozi vikanguruma, milango ikafungwa,
hakuna aliyeaga.

Asubuhi pikapu ilipunguza mwendo.
"Sabahu lheri," akasema, kama kawaida.
Kisha kioo kikashuka kidogo zaidi:
"Kimevimba, dada."

Na jioni namsikia mwanangu
akihesabu ngazi za paani:
kumi na saba,
kumi na nane,
kumi na tisa.

Kasimama hapo. Ananitazama.