Tundu la Sindano

Forodhani Callao wameniwekea mezani mitungi kumi na mmoja,
glavu jozi moja, na karani anayetazama saa.
"Daktari, tuambie tu: ya kale au ya juzi?"

Nauchukua wa tatu. Una uso wa mtu,
jicho moja bovu, mdomo umepinda
kama aliyeonja ndimu akakataa kukiri.
Naunusa. Udongo wa kaburini hunuka chumvi;
huu unanuka chai ya rangi na mkojo wa punda.
Ni wako, Eleuterio Chapoñán.
Nakujua kwa shavu: huliminya kwa gumba la kushoto,
la kulia lilimezwa na mashine ya miwa.

Mwaka ule nilikuwa na fahari ya mgeni.
Niliandika makala, kurasa kumi na nne, picha sita,
nikaeleza watu wa kale walivyotoboa mpini kwa ndani,
tundu la sindano, mvuke upite, chombo kisipasuke motoni;
na waghushi, nikaandika, hawalijui hili.
Mpwa wako alikusomea huku unakanda.
Msimu uliofuata, kila mtungi uliotoka Mórrope
ulikuwa na tundu.

Nilikuja kwako nimefura. Ukanipa kigoda na pombe ya mahindi.
"Babu wa babu yangu alifinyanga huu huu,
udongo wa mto ule ule, kwa jiwe na kibao.
Akifinyanga yeye, hazina. Nikifinyanga mimi, jinai.
Nionyeshe ni siku gani mkono uligeuka mwizi."
Nikanywa pombe.

Kisha ukanipeleka nyuma ya nyumba, kilimani.
Mashimo, mashimo, kama ngozi iliyopona ndui.
Mifupa juani, vitambaa vya pamba vimeraruka,
fuvu la mtoto limejaa vipisi vya sigara.
"Hawa walichimba," ukasema. "Mimi sijachimba kamwe.
Wangu mmoja ukiuzwa, kaburi moja linalala."

Miaka tisa natembea na neno hilo kama kokoto kiatuni.
Si kweli: aliyeonja wako
hurudi sokoni na kiu ya mwingine.
Wala si uongo wote.

Karani anakohoa. Nauchukua wa saba.
Huu ni wa kweli, mkono unajua kabla ya darubini:
mizizi imeutambaa tumboni, ikafa, ikaacha mwandiko wake.
Wa kweli, na bubu.
Ulilala kichwani pa nani, au miguuni?
Ulibeba maji, au punje za safari?
Aliyeung'oa aliukata ulimi akauza shingo.
Wewe, angalau, ningekupigia simu nikakuuliza.

Watu hudhani natafuta vitu.
Natafuta kilichokuwa kando ya vitu:
majivu ya kujaza kijiko, udongo ulipobadilika rangi,
na daftari la kusema hapa, wala si pale.

Naandika: wa tatu, wa juzi.
Wa saba, wa kale, kwao hakujulikani.
Penseli inagota kwa wa kumi na moja.
Tundu lipo. Mizizi ipo. Chumvi ipo.
Shavu halina alama ya gumba.
Ama ni mkono wa kale kuliko majina yetu,
ama mpwa wako amehitimu.

Naomba wiki mbili.
Karani ananipa mpaka saa kumi,
na kikombe cha chai ya rangi.