Mgongo

Msanifu alituachia duara la changarawe
mbele ya kioo cha sebule, kule Riat,
akasema, "Hapa pana haja ya kitu."
Kitu gani, hakusema. Akachukua salio lake akaenda.

Miezi minane kitu hicho kilikuwa toroli.
Otiato aliiegesha pale kila jioni, gurudumu juu,
na wageni, glasi mkononi, waliizunguka
wakitikisa vichwa taratibu. Mmoja aliuliza bei.

Nikaanza kutafuta.
Barabara ya Kakamega: simba wa saruji
waliopakwa rangi ya haradali, wanauzwa wawili wawili kama soksi,
na twiga ambaye waya umemchomoza shingoni.
Kondele, fundi wa vyuma alinionyesha kongoni
wa minyororo ya pikipiki. Mzuri, nakiri,
ila ndugu zake nimewaona kwenye hoteli tatu na benki moja.

Agutu alisema, "Panda mti, tulale."
Sikutaka mti. Mti hukua wenyewe.
Nilitaka kitu kilichomkosesha mtu usingizi.

Ndipo Tabaka. Vumbi la waridi,
hata migomba imepakwa poda
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Karakana baada ya karakana: vibakuli, bao za sataranji,
viboko wa kutosha kiganjani,
familia zilizokumbatiana mpaka hujui mkono ni wa nani.
"Nataka kubwa," nilisema. Wakaniletea kiboko mkubwa.
"Nataka... isiyo kitu."
Wakatazamana.
Onsarigo, mwenye karakana, akacheka kwa adabu:
"Mama, isiyo kitu tunaiuza kwa kilo."

Nyuma, kwenye beseni za maji, wanawake walikaa
wakipiga msasa, mikono imechujuka hadi viwiko.
Kuchonga ni kwa wanaume, kulainisha ni kwao;
ndivyo ilivyo, alieleza Onsarigo, hakuna aliyeiandika.
Nikaegemea kitu kilichofunikwa gunia.
Mmoja wao, bila kuinua macho:
"Hicho usiegemee. Ni changu."

Bosibori akakifunua.
Kimo cha mtoto wa darasa la nne.
Hakuna kichwa, hakuna mikono, mkunjo mmoja tu
ulioanza chini, ukapanda, ukasita,
ukainama kama mtu anayetafuta
kipande cha msasa kilichozama majini.
"Ni nini?"
"Mgongo."
"Wa nani?"
Alikwisha kurudi kwenye beseni.
"Ukikaa hapa miaka kumi na tisa,
unachokiona ni mgongo wa aliye mbele yako."

Bei aliitaja mara moja. Onsarigo akakohoa.
Sikupunguza hata shilingi, na Agutu asijue.

Pikapu, magodoro mawili, kamba ya katani,
Oyugis, Katito, mwendo wa kinyonga.
Ahero askari alimulika tochi chini ya blanketi.
"Mmebeba maiti?"
"Mgongo, afande."
Akatupisha haraka kuliko nilivyotarajia.

Sasa umesimama kwenye changarawe.
Jua likiwaka una rangi ya uji;
mvua ikipiga unageuka rangi ya ini.
Toroli imehamia nyuma ya tangi
na Otiato sasa huutundikia koti lake.
Nilimkataza mara mbili. Ya tatu
nikaona lilivyokaa, kama limerudi kwa mwenyewe,
nikanyamaza.
Agutu huuliza kichwa kiko wapi.
Huuliza, lakini chai ya asubuhi anainywea pale.

Jana Bosibori alipiga simu.
Hakuuliza kama wageni wameusifu.
"Mmeuelekeza wapi?"
Ziwani, nikasema, uone maji mengi kuliko ya beseni.
Kimya. Nilisikia msasa, mtu akikohoa, msasa.
"Basi ninyi nyumbani mnaonyeshwa mgongo."
"Ndiyo."
"Siku nzima?"
"Siku nzima."
"Msiugeuze," akasema,
kisha salio lake likaisha.