Mguu wa Kushoto

Alianza na jeki ya Škoda iliyofia zizini,
akaja na springi, pedali, bawaba ya lango la ng'ombe,
nami nikanyamaza. Mume aliyestaafu, heri aokote vyuma
kuliko akusimamie ukikata vitunguu.

Kisha nikakuta chumba cha nyuma kina godoro sakafuni
na alama nne za kutu kwenye mbao.
Vendelín! Kitanda cha mama yangu!
Kitanda nilichozaliwa juu yake, Januari, theluji imefika dirishani,
mkunga kaletwa kwa sleji kutoka Brezno.
Akasema: "Žofka, ni chuma cha kona, unene milimita tano.
Siku hizi hawatengenezi hivi."
Hiyo ndiyo ilikuwa radhi yake.

Bega ndilo chanzo. Miaka thelathini na minane kiwandani
akishindilia mchanga kwa mkono, fremu baada ya fremu,
mpaka kiwanda kikafungwa, na bega likabaki wazi,
likipitisha baridi usiku.
Daktari alisema: pumzika.
Lakini bonde zima lina majiko ya zamani,
na jiko la zamani halijui kupumzika:
wavu unapasuka, mlango unameguka,
watu wanakuja na vipande ndani ya gazeti
kama walioleta ndege aliyeumia.

Basi akataka mashine imshindilie.
Ukikanyaga, meza inapanda shibiri moja; ukiachia, inaanguka. Du!
Mara kumi, mchanga unajibana kukizunguka kiolezo.
Jeki inamalizia kwa juu.
Unapindua yote kwa bawaba ya lango,
unakitoa kiolezo taratibu, kama kumvua soksi mtoto aliyelala,
inabaki kalibu: umbo la kitu ambacho bado hakipo.

Hayo ni maneno. Kwa vitendo,
nusu ya mchanga ilinata kwenye kiolezo,
nusu ikamwangukia viatuni.
Mara ya pili hivyo hivyo. Baada ya mara ya saba
aliingia ndani, akala haluški za juzi kutoka sufuriani,
baridi, akiwa wima.
Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Asubuhi nikaenda ghalani na aproni yangu.
Nikachota mchanga, nikaufumbata, nikakunjua vidole.
Ukavunjika vipande vitatu na vumbi.
Miaka hamsini nakanda unga. Sijui mengi, hili nalijua.
"Una kiu," nikamwambia. "Na kiolezo umekipaka nini?"
"Sijakipaka."
"Wewe unaoka keki kwenye bati tupu?"
Nikamletea poda ya mjukuu, ile yenye picha ya bata.

Maji, kikombe kimoja na nusu. Poda, kwa kung'uta soksi.
Du, du, du. Jeki. Pindua.
Kiolezo kikatoka bila kuchukua hata punje.
Tukainama wote wawili juu ya lile shimo
kama watu waliodondosha ufunguo kisimani.

Jumamosi akawasha tanuri la pipa, akasubu.
Sitaeleza rangi ya chuma kilichoyeyuka,
kila mtu ana lake la kulinganisha.
Mimi niliangalia bega.
Bibi Hudecová alikuja kuchukua wavu wake,
akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza,
akasema mzito, akaomba apunguziwe,
akapunguziwa.

Sasa kila jioni nasikia du, du kutoka ghalani,
na baada ya kila du, mlio mwembamba:
mguu wa kushoto wa kitanda, ule wa upande wa kichwani,
uliokuwa ukilia mama alipojigeuza, mwaka ule wa mwisho,
nikawa nimeshaamka kabla hajaniita.
Jana Vendelín kasimama mlangoni na kopo la grisi.
"Unakusumbua?"
Nikamwambia apake kwingine kote.