Fundi wa Mabomba Apimwa Mkono

Miaka thelathini na minne nimelala chali chini ya Gliwice,
maji ya moto ya mji mzima yakipita juu ya paji la uso wangu.
Bomba nalijua.
Likishika kutu, likwangue. Presha ikipanda, legeza valvu,
kisha ule mkate wako.
Bomba halina kinyongo.

Kwa hiyo Daktari Halszka aliponizungushia mkononi
uzi wa mpira wenye zebaki tumboni,
akanichoma sindano penye kiwiko, palipo na mdundo,
nilimwambia: Mwenzangu, kazi ni moja,
tofauti ni kipenyo.

"Ginter," akasema, "bomba lako linasikia?"

Sikumjibu. Nje theluji ilidondoka kama chokaa ya dari bovu.
Mashine ilinisoma: mia sitini na nane juu ya mia na mbili.

Akatia dawa ya kwanza. Hii, akasema,
haiusemeshi msuli. Inaunong'oneza utando,
ule wa ndani kabisa, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
na utando ndio uuambie msuli: legea, ndugu, damu inapita.
Tukangoja.
Kalamu ikachora mstari ulionyooka kama reli.

Akatia ya pili, isiyopitia kwa mjumbe,
ya kuuendea msuli wenyewe.
Mkono ukajaa joto hadi kwenye kucha.
Kalamu ikapanda kilima.

Basi valvu nzima,
aliyepewa ufunguo ndiye kanyamaza.

"Na insulini?"
Nilidhani ni karani wa sukari tu.
Kumbe ina mikono miwili hata mishipani.
Wa kulia huugusa utando, utoe ile hewa
inayoifungua njia, chakula kiufikie mwili.
Huo kwangu umekufa ganzi.
Wa kushoto, wa kukaza,
haujaumwa hata siku moja.

Mstaarabu hupiga hodi tatu, akikosa jibu hurudi kwake.
Insulini haina ustaarabu huo. Isiposikika huita wenzake;
kongosho likatuma kumi, likatuma mia,
mlangoni kelele, ndani kimya,
na kila aliyekuja
alikuja na mkono wake wa kushoto.

"Kipi kilitangulia?" nikauliza, maana fundi hutafuta panapovuja.
"Presha ndiyo iliyoleta uziwi, au uziwi ndio ulioleta presha?"
Akafuta miwani kwa pindo la koti.
"Ningejua, nisingekufunga uzi."
Hapo ndipo nilipompenda.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia.
"Lako halijafa. Tembea. Kula nusu. Meza hivi asubuhi."

Jumapili Truda akapanga madonge ya viazi, rojo, keki ya jibini.
Nikala nusu. Akadhani nimenuna.
Tukazunguka kando ya mfereji mara mbili, pua zikivuja,
ananiuliza nimegombana na nani,
namwambia: na mtu aliye ndani, hafungui.

Jumatatu nikashuka kazini.
Nikaweka kiganja kwenye bomba kubwa la Mtaa wa Kiwanda,
la moto, zima, limepakwa juzi.
"Legea," nikalinong'oneza,
kisha nikageuka haraka
kuona kama Ewald amenisikia.