Mlenda wa Nyuma ya Karakana

Walikuja Kizota na kamba na vigingi vyekundu,
wakakikata kiwanja vipande kama andazi,
kila kipande kikapewa herufi na namba.
Binti aliyevaa buti kubwa kuliko miguu yake
akanisalimu, "Mbukwa, mama,"
nikajua huyu wa kwetu, nikamsogezea kigoda.
Dorkasi Ndahani, wa maabara.
Aliniuliza hapa palikuwa na nini.

Palikuwa na Fundi Mwaluko.
Alipasua betri za malori kwa shoka,
tindikali akaimwaga pale kwenye minyaa,
yale ya ndani akayayeyusha katika sufuria la harusi
hadi yang'ae kama sahani ya wageni.
Miaka kumi na minne. Moshi ulikwenda
ulikotaka upepo, na upepo wa Dodoma, wajua,
haukai nyumbani.

Fundi akafa. Karakana ikafa. Mabati yakaibwa.
Zikabaki mvua za Januari, na mlenda.
Haukupandwa na mtu. Uliota wenyewe,
mzito, kijani cha kuumiza macho,
nami nikachuma kwa upindo wa khanga,
nikaanika, nikatwanga, nikaujaza kibuyuni
kungojea Septemba, mwezi usio na jani.
Kwa karanga na ugali wa uwele.
Tulikula sita. Siku nyingine saba.

Dorkasi alichimba kwa koleo dogo kama mwiko,
sentimita tano, kumi na tano, thelathini,
kila tundu na mfuko wake, kibandiko, saa, tarehe.
Wiki ya tatu akarudi na karatasi.
"Mama, ardhi hii ina risasi."
Nikacheka. Nikamuuliza nani aliyepiga.
Hakucheka.
Akanieleza kwamba si ile ya bunduki,
ingawa ndiyo hiyo hiyo,
ila hii haina mlio,
na haianzi na watu wazima.

Sasa panajengwa ghorofa nne,
maduka chini, juu watumishi wa wizara.
Kijiko kimekuja, kile cha njano
(nani alikipa jina moja na cha uji?),
kinaula udongo nusu mita, kinautapika ndani ya lori,
lori linafunikwa turubai, vumbi lisitoroke.
Unaletwa mwingine, mwekundu, kutoka Mkonze.
"Udongo usio na neno," anasema msimamizi.
Nikamuuliza: na huu wenye neno mnaupeleka wapi?
Akaonyesha kwa kidevu upande wa machweo.
Kuna shimo, anasema, limetandikwa plastiki nene.
Nikauliza kama huko hakuna mwenye jembe.
Akatazama simu yake.

Jioni moja Dorkasi alikuja bila buti.
Akaulizia kibuyu.
Nilikuwa nimekificha nyuma ya magunia, sijui kwa nini,
kama mtu anavyomficha shemeji aliyelewa.
Akachota vijiko viwili vya chai,
akaandika: jikoni, mlenda mkavu, na jina langu.
Kisha akamtazama Semeni, mjukuu wangu,
ambaye mwalimu anasema ni mzito wa kushika,
na mimi nikasema ni uvivu, nikamchapa.
"Na huyu," alisema Dorkasi, taratibu,
"tungempima damu."
Semeni akanyoosha mkono pale pale,
akadhani anapewa kitu.

Kiwanja kimepona. Kina cheti na mhuri.
Kibao kimesimamishwa barabarani,
picha ya ghorofa, miti mibichi, mtoto na puto.
Sisi karatasi yetu bado.
Kila gari likisimama nachungulia.
Kibuyu kipo palepale, nyuma ya magunia,
robo yake imejaa.
Jirani ananiambia, si ukimwage?

Nikimwage wapi?