Zamu ya Maji

Saa tisa usiku, Mbokomu, zamu yetu ya maji.
Nimejifunga kanga juu ya sweta la marehemu,
jembe begani, tochi mdomoni,
napanda mferejini kuondoa kizibo cha majani na udongo.
Kaanaeli wangu, ambaye hii ni kazi yake,
yuko Mererani akitafuta jiwe,
na jiwe, nadhani, nalo linamtafuta.

Mungu, nisikilize kabla maji hayajaanza kelele zake.
Ni mimi, Aikande.
Mwaka wa tatu huu namgeuza mama mkwe,
ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto,
kama mtu anayeanika kahawa.
Jumatano nateremka mjini na uji
kwa wale wanaolala juu ya maboksi nje ya hospitali
wakisubiri wagonjwa wao:
ndoo mbili, vikombe kumi na saba,
kimoja hakina mkono.
Nani alinituma? Hilo tutaliongea siku nyingine.

Leo nina neno moja tu. Nimechoka.
Si uchovu wa kulala. Nililala Jumapili,
hata mahubiri sikuyasikia,
na nilipoamka ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda
kama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Unga umebaki wa kufunika tako la debe.
Wifi wa Dar alisema atatuma kesho;
kesho yake ina miezi miwili.
Mwinjilisti Zefania akaniambia, "Bwana atatoa, mama."
Nikaitikia amina
huku nikiiangalia mikono yake.
Ilikuwa mfukoni.

Maji yakaja.
Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja na majani ya parachichi,
na kandambili ya mtoto wa watu wa juu,
yakanusanusa udongo, yakaingia migombani,
shina kwa shina,
wala hayakuuliza aliyepanda ni nani.
Nikasimama, tope hadi vifundoni,
nikawaonea migomba wivu.

Asubuhi nikapika mtori.
Mshare tatu, na mfupa wa juzi
niliouchemsha mara ya pili kwa kuubembeleza.
Nikakaa kumlisha. Kijiko cha kwanza, cha pili.
Cha tatu sikikumbuki.
Usingizi ulinikuta hapo hapo, bakuli mapajani.

Kilichoniamsha ni uvuguvugu mdomoni.
Mkono wake wa kushoto,
ambao kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa nzi,
ulikuwa umeshika kijiko.
Ulitetemeka. Nusu ilimwagikia sweta la mwanawe.
Hakusema neno, maana maneno yalishamtoka,
ila alipanua mdomo, akaufumba, akaupanua tena,
kama mama anavyofanya
akimwonyesha mtoto namna ya kula.

Nikala.
Nilikula chakula cha mgonjwa, kimepoa, chumvi haba,
huku machozi yakijaziliza chumvi iliyopungua,
na yeye akaendelea kunilisha
mpaka mkono ukamwishia nguvu
ukalala juu ya goti langu.

Sikusimulii ili useme nimeona muujiza.
Unga nimeupima, ni ule ule.
Simu ya wifi haijalia.
Jumatano sijui nitakoroga nini.
Ila vikombe nimeshaviosha, nimevifunika kwa kitambaa,
na kile kisicho na mkono
nimekiweka mbele.

Sisi wa mwisho wa mfereji tunajua:
maji hatuyatengenezi.
Unatoa majani, unafungua, unangoja gizani
miguu ikikufa ganzi.
Kisha usiku fulani unasikia, mbali huko juu, kupita kwa kina Njau,
jembe likigonga jiwe,
mtu usiyemwona akifunga kwake
ili yateremke kwako.